Shule ndogo mnavyoweza kuzibana shule kubwa mbio za nyika

Walimu wenzangu wa Tanga, mkiwa na wanafunzi wachache msianze kuogopa ile shule inayoshuka na basi zima la watoto, maana nyika ikihesabiwa kitimu mara nyingi wanaobeba pointi ni watano tu hata kama mmeleta saba, nafasi zao zinajumlishwa na mwenye jumla ndogo ndo mshindi. Cheki hapa: wao wametoa 1, 2, 20, 24 na 30, jumla 77. Nyie hamna nyota, mmetoa 9, 11, 12, 14 na 16, jumla 62. Mmewapiga!

Kwa hiyo nguvu zote peleka kwa mtoto wa tano, sio wa kwanza. Mimi nasimama na simu pale wanapomalizia, nabonyeza akifika wa kwanza nabonyeza tena akifika wa tano, hiyo tofauti ndo naandika kwenye daftari kila Jumamosi, ikipungua najua tunaenda vizuri.

Mazoezi yaanze saa kumi na mbili asubuhi, jua la pwani halina huruma. Maji yakikupwa wapeleke ufukweni, ule mchanga mbichi wa karibu na maji ni mgumu wanakimbia poa, ule mkavu wa juu waachie dakika chache tu za kujenga miguu. Na wakimbie pamoja, mwepesi amvute mzito.

Halafu yule wa sita mtunze sana jamani, mmoja akishikwa na malaria wiki ya mashindano huyo ndo timu yenyewe.