Jinsi ya Kumfuata Jon Anderson Kutoka Roki Hadi Muziki wa Kiroho

Anayetaka kuelewa jinsi mwimbaji wa roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, anavyogeukia muziki wa kiroho wa nyu eji, ule wa polepole wa kutafakari, asianze na albamu za utulivu. Jon Anderson, mzaliwa wa Accrington nchini Uingereza aliyeanzisha bendi ya Yes pamoja na Chris Squire mwaka 1968, hakugeuka ghafla. Utulivu wa miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha kuchipuka ndani ya nyimbo zake zenye kishindo, na ni humo unapaswa kutafutwa.

Kwanza chagua saa. Kwa mkazi wa Kisumu, ambako mvua ya jioni ikipiga mabati husikii hata redio, alfajiri ndiyo inayofaa. Tumia vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu humeza gitaa la besi la Squire, nayo ndiyo inayobishana na sauti ya Anderson. Pakua albamu nzima mapema ili bando lisikuishie katikati ya wimbo.

Anza na Close to the Edge, albamu ya Yes ya 1972. Wimbo wenye jina hilo una takriban dakika 18 na nusu, na ulichochewa na Siddhartha, riwaya ya Hermann Hesse kuhusu mtu anayetafuta nuru ya kiroho. Usikilize mara mbili. Mara ya kwanza uache upite. Mara ya pili zingatia sauti za ndege na maji zinazoufungua kabla ya gitaa kulipuka, kisha sehemu ya tatu, ambamo mwendo unatulia, waimbaji wanaitikiana polepole, na kinanda kikubwa cha kanisa kinaingia. Hapo kaa. Aliyekua akisikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ana faida kubwa, kwani nyuzi zake nane hurudia mzunguko mfupi huku mwimbaji akisogeza maneno juu yake, na sikio lililozoea hivyo halichoshwi na marudio bali hunasa mabadiliko madogo.

Tales from Topographic Oceans, pia ya Yes, ya 1973, ina nyimbo nne tu katika dakika zipatazo 80, na wazo lake lilitokana na tanbihi katika tawasifu ya Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India. Wimbo mmoja kwa siku watosha. Mpiga kinanda Rick Wakeman mwenyewe hakuridhika nayo, akaiacha bendi mwaka 1974.

Olias of Sunhillow ya 1976, albamu ya Anderson bila bendi, kwa maoni yangu, ndiyo mgeuko wenyewe. Anderson aliimba sauti zote na kupiga ala zote peke yake, kinubi kikiwemo, akisimulia safari ya watu wanaohamia sayari nyingine. Sikiliza jinsi anavyopanga sauti yake juu ya sauti yake hadi maneno yanakuwa mlio mtupu: hakuna tena besi ya kubishana naye, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko mafundisho yoyote aliyoyasoma.

Deseo, albamu yake ya 1994, ina ladha ya Amerika ya Kilatini na inaweza kusubiri. Nenda moja kwa moja hadi Angels Embrace ya 1995, uiweke kwa sauti ya chini, bila kazi nyingine mkononi. Msikilizaji aliyelelewa na kwaya za kanisa asitarajie mahubiri wala kibwagizo cha kuitikia. Asikilize jinsi kila noti inavyoachwa ife yenyewe kabla ya nyingine kuanza.