Kupima Chk1 na p53 kwa westani bloti baada ya DNA kuharibika

Westani bloti hutenganisha protini kwenye jeli, huzihamishia kwenye utando, kisha huzitambua kwa kingamwili. DNA ikikatika nyuzi zote mbili, ATM, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini), huamka. Uzi mmoja ukibaki wazi, huamka kinasi nyingine, ATR. ATM hubandika fosfati kwenye protini Chk2, ATR kwenye Chk1 (asidi amino ya 345, serini), na zote mbili kwenye p53 (serini ya 15). Seli husimama isigawanyike mpaka itengeneze DNA yake. Fosfati hizo ndizo tunazotafuta.

1. Seli: tumia U2OS (seli za saratani ya mfupa). Seli za HeLa (za saratani ya mlango wa kizazi) zina E6, protini ya kirusi HPV18 inayoangamiza p53. Chk1 utaiona, p53 hutaiona vizuri.

2. Dawa: haidroksiurea 2 mM, saa 2, kuamsha ATR. Etoposidi 20 µM, saa 1, kuamsha ATM. Sahani isiyo na etoposidi ipate DMSO (kiyeyusho cha etoposidi) kiasi kilekile.

3. Kuvuna. Hapa ndipo kazi ya siku nzima hupotea. Seli ikipasuka, vimeng'enya viitwavyo fosfatezi huanza kung'oa fosfati mara moja, na mchana wa Kisumu barafu huwa maji kabla hujafika sahani ya sita. Kwa hiyo usitegemee barafu. Mwaga midia, suuza mara moja kwa TBS (bafa ya chumvi) baridi, kausha vizuri, kisha mimina bafa ya Laemmli (yenye sabuni ya SDS) iliyochemshwa hadi 95 °C: µl 150 kwa sahani ya sm 6. Kwangua, rudisha kwenye 95 °C dakika 5. SDS na moto huzima fosfatezi papo hapo. Mchanganyiko utavutika kama mrenda. Hiyo ni DNA. Upitishe kwenye sindano ya geji 25 mara 10 hadi ulegee.

Ukilazimika kutumia RIPA (bafa ya kupasulia seli kwenye baridi), weka vizuizi vya fosfatezi: floridi ya sodiamu 50 mM na beta-gliserofosfati 10 mM siku hiyohiyo. Vanadeti peke yake haitoshi: huzuia hasa fosfatezi za tairosini, na sisi tunahitaji serini. Tena, ukitaka kupima pia H2AX (histoni inayobandikwa fosfati DNA ikikatika), RIPA huiacha kwenye mashapo, pamoja na kromatini (DNA na protini zinazoifunga).

4. Jeli: asilimia 10. Kwa H2AX, 15, na utando wa µm 0.2.

5. Kuziba utando: BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5 ndani ya TBST (TBS yenye sabuni ya Tween). Maziwa yaache; kasini yake imejaa fosfati. Kingamwili ilale usiku kucha kwenye 4 °C, ndani ya kikasha chenye vifurushi vya barafu, stima isije ikapotea.

6. Kusoma: fosfo-Chk1 ipande, Chk1 jumla ibaki palepale. p53 jumla yenyewe hupanda, kwa kuwa MDM2 (protini inayoipeleka p53 kuvunjwa) haiwezi tena kuishika, hivyo ilinganishe na tubulini, protini isiyobadilika.