Ukishuka SGR Miritini ukienda Diani, usipite feri

Mnaotoka Nairobi kwenda Diani wikendi kwa SGR: kabla hujaketi kwenye teksi pale Miritini, patana na dereva bei ya kupitia barabara ya Dongo Kundu, si feri ya Likoni. Stesheni haiko kisiwani Mombasa, iko bara, na barabara ya Dongo Kundu inaanzia karibu hapo hapo Miritini. Inavuka maji kwa madaraja na kutokea upande wa kusini, kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda na Diani. Njia ya feri inakuingiza kwanza Changamwe, Makupa, katikati ya mji, halafu upange foleni na magari ya watu wote wanaorudi makwao.

Faida kubwa utaiona Jumapili ukirudi Nairobi. Treni ya saa tisa mchana haikungoji, na ukaguzi wa mizigo una utaratibu wake: mabegi yanapangwa chini, mbwa wanayanusa, ndipo yanapita kwenye mashine. Feri ikichelewa, basi tena.

Dongo Kundu haisaidii kama unaenda Nyali, Bamburi au Mtwapa, huko ni kaskazini. Kwa msafiri wa peke yake mwenye begi moja, matatu hadi mjini kisha feri kwa miguu, ambayo ni bure, bado ndiyo rahisi zaidi. Na ukifika na treni ya usiku, alfajiri ile, foleni ya Likoni huwa fupi. Dereva akitaka nyongeza kubwa ya Dongo Kundu saa hizo, mkatalie.