Kabla hujapanda ndege ya Niue: kalenda kwanza, begi baadaye

Niue ni kisiwa kimoja cha matumbawe katika Pasifiki ya Kusini, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260 na wakazi wasiofika 2,000. Tangu Oktoba 1974 kinajitawala kwa makubaliano ya ushirika huru na New Zealand: kina bunge lake na waziri mkuu wake, lakini wananchi wake ni raia wa New Zealand na fedha inayotumika ni dola ya huko. Wengi wanaojiandaa kwenda huanza na begi. Mimi ningeanza na kalenda, maana karibu kila kinachoharibu safari ya Niue ni suala la siku na saa.

Ndege hutoka Auckland, na ni chache mno kwa wiki. Ukiikosa moja, hakuna ya jioni. Halafu kuna mstari wa tarehe, yaani mpaka wa kubuni baharini ambako siku hubadilika, ambao ndege huuvuka ikiwa njiani. Safari yenyewe ni ya saa tatu na ushee, ila ukiondoka Auckland Jumamosi unatua Niue Ijumaa. Kwa hiyo chumba kinawekwa kuanzia Ijumaa, na anayekuja kukupokea aambiwe Ijumaa. Kurudi ni kinyume chake: siku moja inakupotea angani, na mwenye ndege nyingine ya kuunganisha Auckland aihesabu hiyo siku kabla hajalipa. Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wana jambo la ziada. Hata kupita tu Auckland kunahitaji viza, na maombi hayo yatumwe mapema, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kawaida ya kufika.

Waniue wanaoishi New Zealand ni wengi kuliko waliobaki nyumbani, tena mara kadhaa. Basi shule za huko zikifungwa, na hasa Desemba, viti vya ndege vinajaa familia zinazorudi. Baadhi yao huwa wamekuja kwa sherehe kubwa, kama ile ya mvulana kukatwa nywele alizofugiwa tangu utotoni, au ya msichana kutogwa masikio. Ukoo mzima huchanga fedha na vyakula. Ukialikwa, nenda, na usiende mikono mitupu.

Miezi nayo ina maana. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni majira ya vimbunga. Januari 2004 kimbunga Heta kilisukuma mawimbi hadi juu ya magenge ya mwamba ya Alofi, mji mkuu, kikaifagia hospitali. Nyangumi hufika kati ya Julai na Oktoba kuzaa na kulea, na kwa kuwa bahari ina kina kirefu hatua chache tu kutoka ufukoni, huwa wanaonekana kutoka nchi kavu. Kuogelea karibu nao ni lazima uwe na mwongozaji mwenye kibali. Kwa maoni yangu, anayekwenda mara moja tu maishani aende Agosti.

Jumapili ni siku ya Bwana, na haina mjadala. Hakuna kuvua samaki, hakuna kushusha mashua, na maduka mengi hufungwa. Chakula cha siku hiyo kinunuliwe kabla. Soko la Alofi huamka alfajiri siku zake maalumu, na anayekuja saa tatu hukuta meza zimebaki wazi. Beba nguo moja ya heshima ya kanisani, kwani mgeni hukaribishwa na nyimbo zao zinastahili kusikilizwa. Vazi la kuogelea libaki baharini. Kupita nalo kijijini ni kuwavunjia watu heshima.

Nakuja kwenye bahari, ambako ndiko raha yenyewe iliko. Usitarajie fukwe ndefu za mchanga. Niue ni jiwe lililoinuliwa, na pwani yake imejaa mapango, mipasuko na madimbwi ya chumvi. Haina mito, mvua hunyonywa na mawe, tope halifiki baharini, ndiyo maana maji yake yanaonyesha chini kama kioo. Lakini milango hiyo yote inafunguliwa na maji kupwa. Matao ya mawe ya Talava na pango la Avaiki ni vya kuendea maji yakiwa yametoka, kwa hiyo jedwali la kupwa na kujaa liwe mfukoni kabla hujapanga siku. Viatu vya kukanyagia mwamba ni vya lazima, kandambili hazifai: matumbawe hukata, na kidonda chake hakiponi upesi. Kule Togo, mpasuko ulioko pwani ya kisiwa, unapita katikati ya mawe yaliyochongoka kabla ya kushuka ngazi kwenye bonde la mchanga na minazi. Kuna pia sehemu za mwamba ambazo kijiji hufunga kwa muda ili viumbe wazaane. Uliza wenyeji kabla ya kuingia, hata kama huoni alama.

Gari utalihitaji, maana hakuna usafiri wa umma wa kutegemea. Leseni ya kienyeji hutolewa kituo cha polisi Alofi, na mwendo ni upande wa kushoto. Kila dereva mnayepishana atakupungia mkono. Mpungie nawe.

Fedha taslimu zitoke nawe Auckland, wala usitegemee mashine ya kutolea pesa. Dawa unazotumia zitoshe siku zote pamoja na za akiba, na bima ilipie kusafirishwa kwa ndege, kwani wagonjwa mahututi hupelekwa New Zealand. Bidhaa za madukani huja kwa meli, na meli haina gati la kuegesha: mizigo hushushwa kwa matishari Alofi. Bahari ikichafuka, rafu za duka husubiri.

Mwisho, safisha viatu udongo kabla ya kurudi. Maofisa wa Auckland ni wakali kuhusu mbegu, vyakula, mbao na makombe ya baharini. Kila kitu kitajwe kwenye fomu, kwa sababu tunda moja lililosahaulika begini ni faini ya dola 400 papo hapo.