SOMO: Kuagiza samaki wa mapambo, zebra pleko na arowana, kihalali, kuanzia kumtambua mpaka anaingia kwenye tanki

Wadau, kila wiki naulizwa swali lile lile, "kaka nimeona zebra pleko Indonesia bei nzuri, namletaje Bongo?" Naandika hapa mara moja. Soma mpaka mwisho, ukiuliza kitu ambacho kimeandikwa humu nitakurudisha juu.

Hatua ya 1: Mjue samaki kwa jina la kisayansi. Jina la dukani halina maana kwenye karatasi. Zebra pleko wa kweli ni Hypancistrus zebra, wauzaji wanamwita L046, kwao ni mto Xingu kule Brazil. Mwangalie usoni, mistari myeusi ya puani inachora kama herufi E, alafu ya mwilini imelala upande kuelekea mkiani, imenyooka na safi. Ukiona mistari imejikunjakunja kama njia za mchwa kwenye mti, hapo unauziwa L066 au L333, samaki wazuri ila sio huyo unayemlipia. Arowana nao, yule wa Amazon (Osteoglossum) pezi lake la mgongoni ni refu linakaribia kugusa mkia, wa Asia (Scleropages formosus) pezi ni fupi, limekaa nyuma, na magamba ni makubwa.

Hatua ya 2: Angalia yuko kiambatisho (orodha) gani cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Arowana wa Asia yuko Kiambatisho cha I tangu 1975, kwaiyo kibiashara unaruhusiwa yule tu aliyezaliwa kwenye shamba lililosajiliwa CITES, ana chipu mwilini na namba yake iko kwenye kibali. Zebra pleko aliingia Kiambatisho cha II baada ya mkutano wa Panama wa 2022, na wa kuvuliwa mtoni kwa biashara kiwango ni sifuri. Kwenye kibali cha zebra tafuta herufi C, yaani kazaliwa kifugoni. Ukiona W, yaani kavuliwa porini, achana na huyo muuzaji.

Hatua ya 3: Vibali vya nyumbani kabla hujatuma hela. Idara ya Uvuvi kwa kibali cha kuingiza samaki hai, Idara ya Wanyamapori kwa mambo ya CITES. Kenya nendeni KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya).

Hatua ya 4: Muuzaji akate kibali cha CITES cha kwao na cheti cha afya ya samaki.

Hatua ya 5: LINGANISHA KARATASI ZOTE KABLA MZIGO HAUJAPANDA NDEGE. Hapa ndo niliumia. Niliagiza zebra sita, kibali kiko sawa kabisa, Hypancistrus zebra, vipande 6, herufi C, ila muuzaji kwenye ankara kaandika "pleko mchanganyiko" na cheti cha afya kinasema vipande 8. Afisa akaniuliza hawa wawili wengine wako wapi na mchanganyiko wa nini, sikuwa na jibu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Siku mbili boksi limekaa pale namsumbua muuzaji atume marekebisho. Nilipofungua walikuwa hai wawili tu, wanne wamelala chini ya mfuko matumbo juu, na ile mistari imeshapauka imekuwa kijivu. Samaki waliozalishwa kwa shida vile. Sitaki mtu mwingine ayaone hayo.

Kwaiyo mwambie muuzaji akutumie picha za karatasi zote, jina la kisayansi liwe lile lile herufi kwa herufi, idadi ile ile, jina lako kama lilivyo kwenye kibali chako. Kibali cha CITES kije ORIJINO, kopi haikubaliki, na kiwe na mhuri wa forodha ya kwao unaoonyesha idadi iliyotoka. Angalia na tarehe, kibali cha kutoa nje hakizidi miezi 6. Usiseme tutarekebisha mzigo ukifika, kibali cha baada ya safari usikitegemee.

Hatua ya 6: Wakala wa forodha awepo eyapoti ndege ikitua.

Hatua ya 7: Karantini wiki nne, tanki la peke yake.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikimbeba kwenye begi wawili tu itakuwaje?
Jibu: Ni magendo. Hatua ya 2 na ya 3, soma.

Swali: Bei yake shingapi mpaka inafika?
Jibu: Inategemea muuzaji na ndege. Pata vibali kwanza.

Swali: Wewe unatubania tu ili tununue kwako.
Jibu: Siuzi samaki ndugu yangu. Kama nabana nisingeandika yote haya.

Swali: Samahani kaka, niko Mwanza. Mbona samaki wanafika wazima kwenye mfuko alafu wanakufa nikiwazoesha maji polepole kwa saa mbili?
Jibu: Dada umeuliza swali zuri sana. Safarini samaki anatoa kaboni dayoksaidi, maji yanakuwa na asidi, pH (kipimo cha asidi) inashuka, na kwenye pH ya chini amonia ya uchafu wake haina sumu kubwa. Ukifungua mfuko ile hewa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokusanyika inageuka sumu kali samaki akiwa ndani. Unavyozidi kumchelewesha ndo unammaliza. Acha mfuko umefungwa uelee kwenye tanki dakika 20 joto lilingane, fungua, mtoe kwa wavu muingize, maji ya mfuko mwaga. Tanki liandae mapema pH na ugumu wa maji visipishane sana na vya muuzaji, muulize kabla. Zebra anapenda joto 28 hivi na maji yanayokwenda kasi, ongeza pampu ya hewa.

Swali: Asante sana. Nikichoka kufuga naweza kuwaachia ziwani?
Jibu: Hapana dada, hata mmoja. Wewe uko Mwanza, waulize wazee furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wengi kiasi gani kabla sangara hajaletwa miaka ya 1950 akawala. Ukichoka niandikie, nitakutafutia mfugaji wa kuwachukua, mifuko na oksijeni ninayo.