Somo: nasa safari kwanza, video baadaye

Tarehe siikumbuki, ila dakika naikumbuka: ya 47. Nilikuwa ndani ya mchezo wa Orbiter, chombo changu Delta-Glider kimebakiza mita kama 30 kitie nanga kwenye kituo cha anga cha ISS, OBS (programu ya kurekodi kioo) inarekodi, na mimi tayari natafuta kichwa cha video. Umeme ukaenda. Betri ya mashini yangu ilikufa zamani, basi kioo kikawa cheusi palepale. Usiku umeme uliporudi nikakuta faili ya video ya MP4 nzito kabisa, na hakuna programu hata moja iliyokubali kuifungua.

Tangu siku hiyo nimebadili utaratibu, na hapa kwetu Lubumbashi, na delestaji hii (umeme kukatwa kwa zamu) na bei hii ya mega za intaneti, naona ndio utaratibu unaofaa.

Kwa wageni: Orbiter ni mchezo wa kurusha vyombo angani, ulioanzishwa na Martin Schweiger wa University College London mwaka 2000. Ni wa bure, na tangu 2021 msimbo wake (kodi ya programu) uko wazi kwa wote. Hauna maadui wala pointi. Una fizikia tu, na fizikia haikuhurumii.

Hatua ya 1: kirekodi cha ndani

Watu wengi wanacheza Orbiter miaka bila kujua kwamba ina kirekodi chake. Bonyeza Ctrl na C, ruka, ukimaliza bonyeza tena Ctrl na C. Hakuna picha hata moja inayohifadhiwa. Kinachoandikwa ni chombo kilikuwa wapi, kilielekea wapi, injini iliwaka lini, magurudumu yalikunjwa lini. Yote ni maandishi, ndani ya folda ya Flights. Ukifungua orodha ya matukio utaikuta safari yako chini ya Playback.

Mashini dhaifu inapumua, kwa sababu haifanyi kazi mbili kwa pamoja. Na ukishakuwa na safari, unaweza kuitazama mara kumi: mara moja kutoka kiti cha rubani, mara nyingine kutoka nje (F1 inakubadilishia), mara nyingine kamera imeganda kwenye kituo unaona chombo kinakuja polepole. Huwezi kukiendesha tena, lakini kamera ni yako.

Usirekodi safari ndefu kwa mkupuo. Mimi naikata: kupaa, kuingia kwenye mzingo, kukifukuzia kituo, kutia nanga. Kabla ya kila kipande nabonyeza Ctrl na S kuhifadhi mchezo. Kila kipande kipe jina lake, maana jina likirudiwa rekodi ya zamani iko hatarini. Umeme ukienda, unapoteza kipande kimoja, hupotezi jioni nzima.

Hatua ya 2: sasa OBS

Hii ndiyo hatua ya video. Rudisha safari, fungua OBS, halafu:

Aina ya faili iwe MKV, si MP4 ya kawaida. MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya ndani mwishoni. Mashini ikizima kabla, faili haina kichwa wala miguu. MKV ikikatika, kilichokwisha kuandikwa kinafunguka. Baadaye kwenye menyu ya faili kuna chaguo la Remux, inaigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kuharibu picha.

Ukubwa 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde. Anga ni nyeusi na vitu vinasogea taratibu, 60 za nini? Kama mashini ina prosesa ya Intel, chagua enkoda (kibana video) ya QuickSync, inayotumia sehemu ya michoro, ili prosesa yenyewe ibaki na mchezo.

Kiwango cha data ya video: kilobiti 2,500 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Gawa kwa 8, zidisha kwa 60, unapata karibu mega 19 kwa dakika. Video ya dakika 10 ni mega 190. Ukiweka 6,000, ni mega 450. Nani atailipia?

Hatua ya 3: sauti na maelezo

Sauti naiweka mwisho kabisa, kwa telefoni, ndani ya chumba, saa ambayo jenereta ya jirani imenyamaza. Ila kabla ya hapo jaribu hii: ndani ya folda ya safari kuna faili iitwayo system.dat. Unaweza kuongeza mstari kama huu:

120.0 NOTE Sasa nakunja magurudumu

Safari ikifika sekunde ya 120, maneno hayo yanatokea kwenye kioo. Kwa Kiswahili! Mara ya kwanza kuyaona niliita nyumba nzima ije itazame.

Hatua ya 4: kutuma

Rafiki mwenye Orbiter usimtumie video. Mtumie safari: folda yake ndani ya Flights pamoja na faili yake ya Playback, zifunge kwa zip. Ni maandishi, kwa hiyo hupungua sana. Video iwe ya wale wasio na mchezo. YouTube ikikatika katikati ya kupakia, rudi kabla ya saa 24 kupita, chagua faili ileile, inaendelea pale ilipoishia. Mimi napakia na forfe (kifurushi cha intaneti) ya usiku. Video ikizidi dakika 15 lazima kwanza uthibitishe akaunti kwa namba ya telefoni.

Maswali

*Kutoka Katuba: Yaya, OBS inanionesha giza tu, mchezo nausikia lakini siuoni.*
Orbiter ikitumia michoro yake ya asili, hiyo ni DirectX (njia ya Windows ya kuchora picha) ya zamani sana, na njia ya OBS ya kunasa mchezo haiishiki. Tumia ile ya kunasa dirisha, au weka D3D9Client, nyongeza ya michoro ya Orbiter, ambayo pia inapendezesha picha.

*Kutoka Kenya (ya kwetu hapa, si nchi): Lazima niruke kutoka Florida kila siku? Siwezi kuruka kutoka hapa?*
Unaweza. Faili ya tukio inaishia na .scn, ni maandishi. Ikopi kwanza. Kwenye chombo chako andika STATUS Landed Earth, chini yake POS 27.48 -11.66, longitudo mbele. Mistari ya BASE, ALT na AROT ifute. Paa na injini za kuinulia, uwanja wa ndege hauhitajiki. Tena una faida: hapa, karibu zaidi na ikweta, mzunguko wa dunia unakusukuma mita kama 455 kwa sekunde kuelekea mashariki, Florida ni kama 408. Wajerumani wa kampuni ya roketi ya OTRAG walirusha roketi zao hapa Katanga, wakati huo Shaba, 1977 na 1978. Ya tatu ilianguka mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, kwa hiyo ukianguka usione haya.

*Kutoka Ruashi: Safari niliyotumiwa inagoma kufunguka.*
Uliza alitumia chombo gani. Kama ni cha kuongezea, nawe lazima uwe nacho, na toleo la Orbiter liwe moja.

*Kutoka Kampemba: Video yangu imedaiwa haki za muziki, na sikuweka muziki!*
Nganda (baa) ya jirani iliuweka. YouTube inautambua hata ukipitia dirishani. Zima maikrofoni kwenye OBS, sauti weka baadaye.

*Kutoka Katuba tena: Na wewe yaya, ISS ulifika?*
Jumapili. Vipande vinne, vyote safi. Cha nne, cha kutia nanga, nilisahau kubonyeza Ctrl na C.