Kwa nini mahindi chotara hayafai kurudiwa kama mbegu

Shamba la mahindi chotara, yaani yaliyozaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti, hupendeza macho: mimea ina kimo kimoja na hutoa mbelewele karibu kwa pamoja. Ukizipanda punje zake msimu unaofuata, utapata mirefu kwa mifupi, mengine yakichelewa kukomaa na magunzi yakipungua ukubwa. Hata mbolea nzuri haiondoi tofauti hiyo, kwa sababu imeanzia kwenye maua.

Kila seli ya mwili wa mmea wa mahindi ina kromosomu 20, yaani jozi 10 za vibeba urithi. Katika kila jozi moja imetoka kwa mzazi wa kike, nyingine kwa wa kiume. Mmea unapokua, seli hujigawa kwa mitosisi na kila seli mpya hupata zote 20 kama zilivyo. Chavua na mayai huanzia kwenye mgawanyiko mwingine, meiosisi. Kwanza kromosomu za kila jozi hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Kisha hutengana, kila jozi kwa bahati yake, bila kufuata jozi nyingine zimeelekea wapi. Mgawanyiko wa pili hutenganisha nyuzi mbili za kila kromosomu, ambayo ilikuwa imejinakili mwanzoni. Seli moja imezaa nne, kila moja na kromosomu 10. Kwenye mbelewele zote nne huwa chavua. Kwenye ua jike tatu hufa, na moja huendelea hadi kutoa yai.

Kutengana kwa jozi 10 pekee kunaweza kuleta michanganyiko 1,024, kabla ya kuhesabu vipande vilivyobadilishana. Tena kila unywele wa gunzi hupokea chavua yake, hivyo punje mbili zilizopakana zaweza kuwa na baba tofauti.

Chotara wa mistari miwili safi, yaani koo zilizochavushwa zenyewe kwa vizazi vingi, hupata nguvu kwa sababu jeni zake nyingi (vitengo vya urithi kwenye kromosomu) ziko katika jozi za aina mbili tofauti. Mimea hiyo ikichavushana yenyewe, kwa wastani nusu ya jozi hizo hurudi kuwa za aina moja. Hapo jeni dhaifu zilizokuwa zimefunikwa hukutana na kujitokeza. Kwa hiyo nunua mbegu mpya ya chotara kila msimu.

Anayetaka kujiwekea mbegu apande aina ya uchavushaji huria, yaani isiyo chotara, ambayo mimea yake huachwa ichavushane yenyewe kwa yenyewe shambani. Shamba la mbegu liwe angalau mita 200 kutoka mahindi mengine, au lipishane nayo kwa wiki nne za kupanda ili yasichanue pamoja. Chagua mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, mbali na kingo zinakoingia chavua za jirani. Ifunge utepe iliyo na shina imara na isiyo na ugonjwa. Gunzi kubwa lililokwisha kurundikwa ghalani halikuambii kama mmea wake ulianguka.

Wengi hukosea kwenye idadi. Magunzi kumi mazuri hayatoshi, hata yakiwa na punje za kutosha ekari nzima: ndugu watachavushana, na baada ya misimu michache mimea hudumaa. Chukua magunzi ya mimea 100 au zaidi, na punje kwa idadi sawa kutoka kila gunzi. Punje za ncha na kitako zina urithi wa ubora uleule. Huondolewa tu ili mbegu zilingane ukubwa. Kausha hadi unyevu wa asilimia 12 au 13 kabla ya kuhifadhi.

Muhogo na viazi vitamu ni habari nyingine. Kipande cha shina hukua kwa mitosisi, hivyo sifa za mmea mama hubaki, na virusi vyake pia. Kata vipandikizi kwenye mimea isiyo na dalili za ugonjwa.